Hitaji Namba Kumi na Nne

Jumatatu, 2 Juni. Irving

Shule ilikwisha wiki iliyopita na tayari nina kazi ambayo sikuiomba. Mama ndiye aliyeniombea, kanisani, huku mimi nimejificha nyuma ya kabati la vitabu vya nyimbo. "Huyu wangu hasemi," alimwambia Anko Elibariki, "lakini anaandika." Anko akajibu kwamba watu wa namna hiyo ndio anaowatafuta.

Anko Elibariki si ndugu yetu wa damu. Yeye ni wa Meru, sisi wa Bukoba. Ofisini kwake kazi yake ni kuwauliza watu wanavyofanya shughuli zao, kabla mafundi hawajawatengenezea programu ya kompyuta. Sasa kuna vyama vitatu vilivyokubaliana kushirikiana: chetu cha Watanzania wa Irving hapa Marekani, cha Wakongo wa Lewisville, na cha Pearland, karibu na Houston, chenye manesi wengi. Wanataka programu moja ya simu ya kusaidiana kwenye ugonjwa na msiba. Anko na wenzake wataitengeneza kwa kujitolea. Mimi nitazunguka kuuliza kila chama kinafanyaje sasa hivi, halafu niandike hatua kwa hatua.

Shajara hii naiandika kwa Kiswahili kwa sababu mbili. Kwanza, ndiyo lugha nitakayokuwa naisikiliza. Pili, mdogo wangu Vicent hawezi kuisoma zaidi ya mistari miwili.

Jumatano, 4 Juni

Mvua ya mawe. Gari la jirani limepasuka kioo. Anko amenipa daftari na sheria moja: "Usimuulize mtu anataka nini. Muulize mara ya mwisho alifanya nini."

Jumamosi, 7 Juni

Nimeanza na chama chetu kwa kuwa nyumba ya katibu ni ng'ambo tu ya maegesho. Katibu ni Anko Majaliwa. Nilimwamkia, nikasahau swali la kwanza, akanisaidia mwenyewe.

"Msiba wa mwisho? Nilituma tangazo kwenye kundi la simu, na picha ya mshumaa. Basi."

"Na mfiwa mwenyewe?"

"Si naye yumo kwenye kundi? Anaona."

Hatua tatu: kusikia, kuandika, kutuma. Nilimaliza kwa dakika ishirini, na nikarudi nyumbani najiona mtu mzima.

Jumapili, 8 Juni

Bibi amepiga simu kutoka Bukoba. Ndiye aliyenilea mpaka nilipofika miaka kumi, na ndiye mwenye Kiswahili hiki. Anakohoa. Aliniuliza, "Siku hizi unasema na watu?" Nikajibu nasema. "Haya, sema kidogo niamini." Tukacheka, akakohoa tena.

Jumamosi, 14 Juni. Lewisville

Leo nilikuwa kwa Mama Clothilde, ambaye kwenye chama cha Wakongo ndiye mkuu wa kila kitu ingawa hana cheo. Nilipomwambia "Shikamoo" alicheka mpaka akashika ukuta. "Hiyo ni ya kwenu, mwanangu. Siye tunasema jambo."

Alinipikia sombe, yaani kisamvu, na hakunijibu neno mpaka nilipomaliza sahani. Baadaye nikauliza kama Anko alivyonifundisha: mara ya mwisho mlifanya nini?

"Ilikuwa mama yake Carmel. Tulisikia asubuhi. Tukaenda. Tukaikala. Kisha tukasema. Siku zote ni vile. Tunasikiaka, tunaendaka, tunaikalaka, kisha tunasema."

Kuikala kwao ni kukaa. Nikaandika: hatua ya tatu, kukaa. Nikauliza nani anahusika na hatua hiyo.

"Wenye wamefika."

"Mnakaa muda gani?"

"Mupaka ikae sawa."

"Mkikaa, mnafanya nini?"

Aliniangalia kama mtu anayetafuta miwani wakati ameivaa. "Tunaikala," akasema.

Sandrine, binti wa dada yake, alikuwa anasuka nywele za mtoto pale sakafuni. Akamwambia Mama Clothilde, "Ma tante, huyu anaandika mpaka kikohozi yako." Kweli nilikuwa nimeandika "(anakohoa)". Nilitamani sakafu inimeze.

Jumatatu, 16 Juni

Hakuna jipya. Joto.

Jumanne, 24 Juni

Jioni Anko alipitia michoro yangu. Kila hatua, alieleza, lazima iwe na vitu vitatu: nani anaifanya, inaisha lini, na inatoa nini. Tulipofika kwenye "kukaa" ya Lewisville akagonga kalamu mezani.

"Hii inatoa nini?"

Nilisema sijui. Mama Clothilde alikuwa ameniambia nani, wakati gani na kitu gani, kwa namna yake, lakini hakuna hata kimoja kilichoingia kwenye jedwali.

"Ukiona haitoi kitu, huenda si hatua," Anko akasema. "Lakini wewe ndiye uliyekuwepo. Wewe amua."

Ningeweza kupiga simu na kuuliza tena. Lakini kupiga simu kunanitoa jasho, na tayari ninaaibika kwa kile kikohozi. Nikaikata kwa mstari mmoja ulionyooka. Bila ile hatua Lewisville ilifanana vizuri na Irving, na mchoro ukawa safi, ingawa Pearland sijafika bado. Kutokana nao nikaandika mahitaji thelathini na moja, yaani mambo ambayo programu lazima iyafanye. Namba kumi na nne inasema: Taarifa ya msiba ikishaingizwa, mfumo uitume mara moja kwa wanachama wote wa vyama vitatu.

Anko alisema ni sentensi nzuri.

Jumamosi, 28 Juni. Pearland

Muda wa saa nne na nusu njiani na Anko, barabara ya arobaini na tano mpaka macho yanachoka. Nyumba za Pearland zinafanana, tuligonga mbili ambazo si zenyewe.

Anti Mwatumu ni nesi, mtu wa Tanga, na anaongea kama anayekimbizwa. "Andika hivi, mwanangu. Kwetu maiti hasubiri. Mtu akifariki alfajiri tunataka awe ardhini kabla ya siku kwisha, na hapa Marekani kupata kibali tu ni vita. Kwa hiyo habari itembee! Ikichelewa saa mbili, tumekosa watu wa kuosha."

"Mara ya mwisho mlifanya nini?"

"Nilipiga simu hamsini na tatu. Kidole hiki, kione."

Namba kumi na nne ilimfurahisha sana. Alinionyesha pia kijana mmoja wa Kikongo aliyekuja kurudisha masufuria, Nathanaël, mpishi kwenye hospitali yao. Kaka yake, Papa Vital, yuko Lewisville. Nathanaël alinipa kisahani cha maandazi bila kuuliza kama nataka. Nadhani naye ni mwenye haya.

Ijumaa, 4 Julai

Fataki. Vicent ameunguza soksi.

Alhamisi, 10 Julai

Digrii mia moja na mbili za Fahrenheit. Nyenje wanapiga kelele kwenye miti ya maegesho tangu asubuhi. Bibi hakupiga simu Jumapili. Mama anasema ni mtandao.

Jumanne, 15 Julai

Majaribio yameanza. Watu mia nne na kumi na wawili wameweka programu kwenye simu zao. Anko Majaliwa anauliza picha ya mshumaa inawekwa wapi.

Alhamisi, 24 Julai

Nitajaribu kuandika kwa mpangilio.

Saa sita na dakika kumi mchana simu yangu ilitetema mezani. Ilikuwa taarifa ya kwanza ya kweli ya programu yetu. Simu ya Vicent ikatetema sekunde ileile, na ya Mama jikoni. Nilifurahi. Nataka ibaki imeandikwa hapa kwamba nilifurahi. Vicent aliniambia kwa Kiingereza chake kwamba kitu changu kinafanya kazi, nikasema ndiyo, na ndipo nikasoma jina. Nathanaël. Moyo wake ulisimama asubuhi, akiwa kazini, ndani ya hospitali yenyewe.

Nilikaa nikiyafikiria yale maandazi. Bado sikuwa nimeelewa.

Saa saba kasoro Mama Clothilde alinipigia. Hajawahi kunipigia. "Prudensia. Nani amesema?"

"Amesema nini, Mama?"

"Vital ameisoma. Ameisoma ku simu, ndani ya kazi. Nani amesema mbele siye hatujasema?"

Haya ndiyo niliyoyajua baadaye. Anti Mwatumu alimpigia Mama Clothilde saa tano, kama walivyozoea siku zote: mtu wenu Vital amefiwa na mdogo wake. Mama Clothilde alimpitia Sandrine, wakaenda kwanza kwa mke wa Vital, wakamwachia watu wa kuwa naye, wakachukua kandambili za Vital. Kisha wakaenda kwenye ghala anakoendesha mashine ya kunyanyua mizigo, wakaegesha mkabala na mlango wa wafanyakazi. Wakakaa. Vital anatoka zamu saa tisa na nusu, na walikuwa tayari kukaa mpaka saa hiyo, ndani ya gari, kwenye joto lile, kwa sababu kwanza ashuke kwenye mashine. Kwanza atoke mwenyewe kwa miguu yake, awaone, aelewe kidogokidogo kwa kuwaona. Na habari ya namna hiyo mtu haipokei akiwa amevaa buti za chuma.

Saa sita na dakika kumi, huko Pearland, Anti Mwatumu aliingiza taarifa kama mafunzo yalivyomwelekeza. Vital alikuwa kwenye chakula cha mchana. Akatoka kwa mlango wa nyuma, akaingia garini, akaondoka, akazima simu. Wao wawili walikuwa mbele, wanaangalia mlango.

Anko Elibariki aliacha ofisi, akanichukua. Yeyote mwenye gari alitakiwa kusaidia kutafuta. Tulipovuka mji wa Coppell akauliza, "Ile hatua uliyoikata ndiyo hii?" Nikasema ndiyo. Akasema, "Tuliikata wote," lakini macho yake yalikuwa barabarani.

Magari kumi na mawili yalimtafuta saa nne nzima. Kwa kila gari lililosimama pembeni tulipunguza mwendo. Mke wa Vital alikuwa anapiga simu kila dakika kumi kuuliza, na kila mara Anko alijibu "Bado, dada," kwa sauti ndogo kuliko ya mara iliyopita. Mimi nilikuwa najiapiza kwamba akipatikana mzima nitasema mbele ya watu kwamba ni mimi. Mtu mwenye haya anapoahidi kitu kama hicho, Mungu anajua ni bei gani.

Sandrine ndiye aliyeliona gari, karibu na saa kumi na moja, kwenye maegesho ya ziwa, pale watu wanaposhushia boti. Akatupigia, tukafika. Injini ilikuwa inaunguruma. Vital alikuwa ndani, mikono kwenye usukani, anaangalia maji. Anko alitaka kukimbia, Mama Clothilde akamzuia kwa kiganja. Alichukua zile kandambili. Alitembea polepole, akafungua mlango wa abiria, akaingia, akafunga.

Akakaa.

Nilitazama saa kwa sababu sikujua nitazame nini. Dakika thelathini na nane. Kutoka tulipokuwa sikusikia neno, na nadhani hapakuwa na neno. Halafu mabega ya Vital yakaanza kutikisika. Muda ukapita tena. Kisha Mama Clothilde akashuka, akazunguka, akafungua mlango wa dereva, akapiga magoti kwenye lami ya moto na kuanza kufungua kamba za buti zake.

Jumamosi, 26 Julai

Leo, baada ya watu kupungua msibani, nilimfuata Mama Clothilde jikoni.

"Siku ile nilikuambia," akasema kabla sijafungua kinywa. "Nilikuambia tunaikalaka. Uliniandika?"

"Niliandika, Mama. Halafu nikaikata."

"Juu ya nini?"

"Haikuwa na mwisho. Haikutoa kitu."

Alisuuza vikombe viwili bila kuniangalia. "Kalamu yako iko na mbio kuliko mdomo wako," akasema. Kisha akanipa kitambaa nikaushe vikombe, na tukavikausha vyote, vilikuwa vingi. Sikutoka hapo mpaka vilipokwisha. Sijui kama nimesamehewa.

Jumanne, 29 Julai

Programu imezimwa. Wazee wa Lewisville wanataka kujitoa kwenye ushirikiano. Mkutano ni tarehe tisa, na vyama vyote vitatu vitaamua.

Ijumaa, 1 Agosti

Bibi amepiga simu. Sauti imekuwa nyembamba. Nilimsimulia yote. Akasema, "Basi hayo uliyonisimulia mimi, wasimulie na wao."

Jumamosi, 9 Agosti. Centerville

Mkutano ulifanyika kwenye ukumbi wa kanisa katikati ya njia ya Dallas na Houston, ili asiwepo wa kulalamika kuhusu safari. Wakalalamika wote.

Anko Elibariki alisimama kwanza, akasema kosa ni lake. Nilijua angefanya hivyo. Ningenyamaza, ingekuwa imepita. Nikanyoosha mkono. Anko Majaliwa, aliyekuwa anaongoza kikao, alidhani naomba kwenda msalani na akanielekeza mlango. Watu wakacheka. Nikabaki nimesimama.

Nilisema jina langu. Nilisema ni mimi niliyeambiwa na Mama Clothilde na ni mimi niliyekata, kwa kuwa kwenye jedwali langu hapakuwa na mahali pa kuandika watu waliokaa tu. Nilisema niliogopa kupiga simu moja. Najua sauti ilifika nyuma, kwa sababu mzee mmoja wa nyuma alisema, "Endelea, mwana."

Anti Mwatumu akasimama. "Mimi ndiye niliyebonyeza, kwa hiyo tusimtwishe mtoto. Lakini jamani, na mimi nina maiti wangu! Mkisema habari isubiri watu wakae, nani ataosha? Nani atachimba? Mtanikalia mpaka jua lizame!"

Kelele zikaanza. Nilikuwa bado nimesimama, nikagundua kwamba nimezunguka nyumba zao zote, na kwamba mle ukumbini hakuna mwingine aliyezunguka. Nikauliza, kwa sauti niliyokuwa nayo: "Anti, mara ya mwisho, zile simu hamsini na tatu, ya kwanza ulimpigia nani?"

Akafikiri. "Binti wa marehemu... la, yeye sikumpigia. Nilikwenda. Nilikwenda kwake kwanza, mimi na Mama Rehema mwenzangu wa chama. Simu nilianza nilipotoka."

"Ulikaa muda gani?"

"Hata robo saa haikufika." Akaketi taratibu. "Lakini nilikaa. Wallahi, nilikaa, na sikukwambia."

Basi tukaiandika upya palepale, kwenye karatasi kubwa ukutani. Wanaokwenda kukaa wapate habari kwanza, wao peke yao. Wengine wote wasubiri mpaka mmoja wa waliokaa abonyeze "tumekaa naye". Pearland inaweza kuwa robo saa, Lewisville inaweza kuwa siku nzima. Anko aliuliza tuweke kikomo cha saa ngapi, maana kompyuta haipendi kitu kisicho na kikomo.

"Itazoea," Mama Clothilde akasema.

Papa Vital alikuwa kwenye mstari wa pili. Alisimama sasa. "Mimi nilisoma jina ya mudogo wangu na mukate iko mu mukono," akasema. "Ile mukate niliimaliza. Sijue juu ya nini niliimaliza." Akaangalia ile karatasi. "Muache ingoje."

Hakuna aliyejitoa.

Hitaji namba kumi na nne sasa linasema: Mfumo usubiri.

Jumatano, 13 Agosti

Nimenunua begi la chuo. Masomo yanaanza tarehe ishirini na tano.

Jumamosi, 23 Agosti

Hii ni ya Jumatano. Sikuweza kuiandika siku ile.

Saa saba mchana mlango uligongwa. Walikuwa Mama Clothilde, Sandrine, na Anko Majaliwa wa ng'ambo ya maegesho. Anko Majaliwa alikuwa ameshika kofia kwa mikono miwili, wala hakuwa na simu mkononi. Sijawahi kumwona bila simu mkononi.

Niliwaambia Mama yuko kazini mpaka alasiri. "Tunajua," Mama Clothilde akasema. "Tupe maji."

Niliwapa maji. Waliketi. Sandrine alisifu pazia. Anko Majaliwa akasema joto la mwaka huu limezidi. Mama Clothilde aliniuliza kuhusu chuo, na nikamjibu, kozi kwa kozi, huku moyo wangu ukihesabu. Wamesikia. Wamefika. Sasa wanakaa. Baada ya kukaa inakuja hatua moja tu, nami ndiye niliyeichora.

Nyumba yetu ina mtu mmoja tu aliye mbali na anayekohoa. Baadaye nilijua kwamba ndugu wa Bukoba walimpigia katibu kwanza.

Ningeweza kuuliza. Wangeniambia, nadhani. Nilimtazama Mama Clothilde naye akanitazama, na niliona kwamba anajua kuwa najua. Akapapasa kochi pembeni yake. Nilikwenda kwanza chumbani, nikamnyang'anya Vicent simu bila maelezo, nikaichukua na yangu, nikazizika zote mbili ndani ya ndoo ya mchele. Vicent alikuja akilalamika, akawaona wageni, akakaa sakafuni akiegemea magoti yangu. Hajafanya hivyo tangu akiwa na miaka sita. Tulikaa saa mbili na nusu. Kwa mara ya kwanza nilijua kinachofanyika wakati watu wamekaa, na bado siwezi kukiandika kwenye jedwali.

Saa tisa na dakika arobaini gari la Mama liliingia. Sandrine alisogea, ili nafasi ya katikati ya kochi iwe wazi. Mama aliingia na mfuko wa mahindi mabichi, akasema, "Karibuni, karibuni, mbona hamkuniambia mnakuja?" Halafu akaacha kusema. Alimtazama mmoja, akamtazama wa pili, akanitazama mimi. Akaja akaketi pale palipokuwa wazi, mfuko bado uko mkononi.

Hakuna aliyesema lolote bado. Nilipiga magoti kwenye zulia, nikaanza kufungua kamba za viatu vyake vya kazi.